Gunia Lina Joto, Mzigo Umerudishwa: Kutafuta Chanzo cha Mahindi Kuharibika Ghalani na Njiani

Mwongozo huu ni wa mtu anayetunza mahindi ya wengine au anayeyanunua ili auze: mtunza ghala wa chama cha msingi, mnunuzi anayekusanya Kibaigwa au Makambako na kushusha Tandale, mwenye mashine ya kusaga, mtunza stoo wa shule. Umepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo unayokutana nayo kwanza. Chanzo huwa kimeanza wiki kadhaa nyuma, na mara nyingi kilianzia mikononi mwa mtu mwingine.

Viwango kwanza, tusije tukabishana hewani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya punje, EAS 2, kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu (sumu inayotolewa na kuvu, aflatoksini) kwa jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isiyozidi 5. Kwa hiyo ukipakia mzigo Dodoma kwenda Nairobi, kipimo unachoulizwa huku ndicho utakachoulizwa kule.

Kama huna kipima unyevu, kinunue kabla ya kununua dawa yoyote. Mbinu ya chupa na chumvi inasaidia kidogo: weka chumvi kavu vijiko viwili vitatu ndani ya chupa kavu, jaza mahindi hadi theluthi, tikisa, acha dakika kumi hadi kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, usishangilie. Chumvi haiwezi kukutenganishia 14.5 na 13, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mahindi yatafika mwezi wa tatu yakiwa salama.

Ukipenyeza mkono katikati ya gunia unasikia joto

Mahindi makavu yaliyotulia hayajitengenezei joto la kuhisiwa kwa mkono. Ukilisikia, kuna kitu hai kinapumua humo ndani: wadudu, kuvu, au punje zenyewe zilizoingia mbichi. Chukua bambo, ile bomba yenye ncha ya kuchotea sampuli ndani ya gunia, toboa juu, katikati na chini, mwaga kwenye sinia nyeupe.

Ukiona wadudu wengi wanatembea, joto ni lao. Wanapumua, wanatoa joto na mvuke, mvuke unapanda hadi tabaka la juu lililo baridi, unageuka maji, na hapo kuvu inaota. Ndiyo maana mtu huona ukungu juu ya lundo akadhani paa linavuja, kumbe maji yametoka ndani ya magunia yenyewe.

Ukiona wadudu ni wachache lakini punje zinanata na kuna harufu ya uvundo, mahindi yaliingia mabichi. Sasa angalia joto liko wapi. Likiwa kwenye gunia moja au mawili, kuna mkulima mmoja aliyeleta mzigo ambao haukukauka na mpokeaji akapima gunia la jirani. Likifuata mstari kutoka juu kwenda chini, tazama bati lililo juu yake. Likiwa katikati ya lundo zima, ulinunua mabichi yote, pengine kwa sababu bei ilikuwa nzuri na lori lilikuwa linasubiri.

Tiba ni moja: vunja lundo siku hiyohiyo. Anika juu ya turubai, tabaka lisizidi sentimita tano, geuza mara kwa mara, pima tena baada ya kupoa. Ukipima yakiwa ya moto kutoka juani kipimo kinaweza kukudanganya.

Kuna ujanja unaopendwa sana sokoni: kuchanganya. Gunia moja la asilimia 18 ukilichanganya na matatu ya asilimia 12, wastani unakuja 13.5 kamili, na karatasi inapendeza. Lakini unyevu hauhami papo hapo kutoka punje hadi punje, na ile punje yenye 18 ilishaanza kuota kuvu kabla hujashika koleo. Ulichofanya ni kuigawa kuvu kwenye magunia manne. Mimi nikisikia ghala "linalainisha" mahindi kwa njia hii, sinunui kwao hata kwa bei ya kutupa.

Magunia ya chini au ya ukutani yameganda, ya katikati ni mazima

Hapa mahindi yaliingia vizuri, ghala ndilo lililoyalowesha. Sakafu ya saruji inaweza kuonekana kavu kabisa huku inapandisha maji kutoka ardhini. Kuhakikisha: tandika kipande cha nailoni sakafuni jioni, bana kingo zake, kiache hadi asubuhi. Kikiwa na matone upande wa chini, sakafu inatoa maji. Panga magunia juu ya chaga, na acha nafasi ya mita moja kati ya lundo na ukuta. Nafasi hiyo wenye maghala huiona hasara ya eneo. Ndiyo njia yako ya kupita kukagua. Bila hiyo, upande wa nyuma wa lundo hutauona hadi siku ya kupakua.

Madoa ya mviringo juu ya magunia ya juu kabisa ni jambo tofauti. Hayo ni jasho la bati: usiku bati linapoa, hewa ya ndani inaacha maji kwenye upande wake wa chini, alfajiri yanadondoka. Acha mita moja kati ya lundo na paa, weka matundu ya hewa yenye wavu karibu na kenchi, zile mbao zinazobeba paa.

Pwani ina balaa lake. Mahindi yaliyoondoka Dodoma yakiwa na asilimia 12.5 yakikaa Tanga au Mombasa msimu wa masika yatanyonya unyevu wa hewa hadi yavuke kikomo, bila tone la mvua kuyagusa. Fungua milango mchana hewa ikiwa kavu, funga usiku na siku za mvua. Na usiyaweke muda mrefu: pwani ni pa kuuzia, bara ndiko pa kuhifadhia.

Chini ya lundo kuna unga

Mtazame mdudu kabla ya kwenda dukani. Fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka mbele, na tundu analoacha kwenye punje ni la mviringo. Dumuzi hana mdomo huo. Mwili wake ni kama kipande kidogo cha penseli, kichwa kimeinama chini hakionekani ukimtazama kwa juu, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Unga ukiwa mwingi mno kuliko wadudu unaowaona, ni dumuzi. Anatoboa hata miti ya kihenge na makopa.

Dumuzi si mdudu wa huku. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Afrika Mashariki alijulikana kwanza Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima walimpa jina la Scania, na aliyewahi kuona kihenge alichopita hahitaji kuuliza kwa nini. Dawa zilizokuwa zikimuua fukusi hazikumtosha, ndipo zikaja dawa za vumbi zenye viambato viwili pamoja, kimoja cha fukusi na kimoja cha dumuzi. Actellic Super ni mojawapo: pirimifosi methili kwa fukusi, permethrini kwa dumuzi. Ukinunua dawa yenye kiambato cha kwanza peke yake, dumuzi ataendelea na kazi yake.

Ukitia dawa ya vumbi, pukuchua kwanza. Juu ya magunzi dawa haifiki ndani, na dumuzi hupenda mahali ambapo punje zimeshikana. Kipimo cha Actellic Super ni gramu 100 kwa gunia la kilo 90 hadi 100, ichanganywe kwa koleo juu ya turubai hadi kila punje ipate. Kuinyunyiza juu ya gunia lililokwisha kufungwa ni kupoteza hela.

Tulitia dawa, wadudu bado wako hai

Uliza maswali haya kwa mpangilio. Mahindi yalikuwa makavu? Dawa ya vumbi hupoteza nguvu upesi kwenye mahindi yenye unyevu na joto. Dawa ilikuwa halali? Pakiti za bandia zipo nyingi. Nunua kwa wakala anayekupa risiti, soma tarehe. Ghala lilifagiliwa? Mabaki ya msimu uliopita kwenye nyufa na mshono wa magunia ya zamani yanatosha kuanzisha kizazi kipya. Kama wadudu wameanza kuonekana wiki tano au sita baada ya kupokea mzigo, hesabu inaelekea kwenye mayai yaliyokuja ndani ya punje: fukusi hutaga ndani ya punje na huchukua takribani wiki tano kutoka akiwa mkubwa.

Kama ulifukiza kwa gesi ya fosfini, zile tembe za alumini fosfaidi, makosa karibu yote huwa mawili. La kwanza ni turubai. Turubai la kufunikia lori lililofumwa linapitisha gesi. Linatakiwa shuka maalumu lisilopitisha hewa, kingo zake zikandamizwe sakafuni kwa mifuko mirefu ya mchanga bila kuacha mwanya. La pili ni siku. Gesi huua wadudu wakubwa mapema, na mwenye ghala akiona maiti siku ya tatu anafunua. Mayai na mabuu yaliyojifunga ndiyo magumu, nayo yanabaki hai. Siku saba ndizo za kuhesabu penye joto; Njombe na Sumbawanga penye baridi, nenda hadi kumi.

Na hili nitalisema bila kupunguza makali: tembe hizo haziingizwi kwenye gunia lililoko ndani ya nyumba watu wanamolala. Gesi inapita kwenye gunia, inapita kwenye mwanya wa mlango, na hakuna dawa ya kuiondoa mwilini mtu akishaivuta. Familia zimekufa usingizini kwa kosa hilo. Ufukizaji ni kazi ya mtu mwenye leseni na kinyago chake, ghala likiwa limefungwa na bango la hatari mlangoni. Hata mizani ya umeme na kipima unyevu vitoe nje kwanza, fosfini inakula shaba.

Mwenye magunia machache afadhali atumie mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na gunia nje, kama ya PICS. Wadudu wanaishiwa oksijeni, dawa haihitajiki. Ikiwa kwenye mifuko hiyo nako umekuta wadudu hai, tafuta tundu: kucha ya panya, kipande cha gunzi kilichochoma, au mtu aliyefungua kuchota mahindi ya ugali wa siku na kufunga ovyo. Ukikuta uvundo badala ya wadudu, uliifunga ikiwa na mahindi mabichi. Mfuko huo hauachi unyevu utoke; unachofungia ndicho utakachokikuta.

Mahindi meupe, makavu, hayana mdudu, na maabara imeyakataa

Hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, na ndiyo inayoleta maneno mpakani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha mzigo hauzidi kiwango. Malori yalikuwa njiani. Wenye mzigo wengi waliapa kwamba mahindi yao ni mazuri, na kwa macho yalikuwa mazuri kweli.

Sumukuvu haionekani, hainuki, haina ladha ya kutegemea. Kuvu inayoitoa inaweza kuwa imekufa na kukauka, sumu ikabaki. Na kiasi chenyewe ni kidogo ajabu: lori la tani 30 lililofika kikomo kabisa cha mikrogramu 10 kwa kilo limebeba gramu 0.3 ya sumu kwa jumla. Gramu hizo hazijatawanyika sawasawa. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Hapo ndipo majibu ya maabara mbili yanapogongana, na watu wakaanza kutuhumiana rushwa. Kabla ya kutuhumu, uliza sampuli ilichukuliwaje. Kilo moja iliyochotwa kwenye magunia matatu ya mlangoni haiwakilishi mzigo. Toboa magunia mengi, juu na chini, ya ndani na ya nje, changanya vyote, saga vyote, kisha ndipo uchote cha kupima.

Sasa chanzo. Gawanya safari ya mahindi sehemu tatu.

Shambani: mvua ilikatika wakati wa kuchanua? Mahindi yaliyoteswa na ukame na kutobolewa na wadudu yakiwa bado kwenye bua huingia sokoni yakiwa na sumu tayari, na hakuna ghala litakaloitoa. Kwa maeneo yanayoathirika kila mara kuna Aflasafe, kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani wiki mbili tatu kabla ya kuchanua ili iikalie nafasi ile yenye sumu. Hiyo ni kazi ya msimu ujao.

Kati ya shamba na gunia: yalianikwa juu ya udongo? Yalipukuchuliwa kwa kupigwa na fimbo? Mashine ilikuwa inapasua? Punje iliyopasuka ni mlango wazi. Chukua sampuli uliyokataliwa, itenge: punje nzima upande mmoja, zilizovunjika, zenye rangi, zilizosinyaa na vumbi upande mwingine. Pima mafungu yote mawili. Mara nyingi sumu iko kwenye fungu la pili, na kupepeta na kuchambua kwa mkono kutaishusha sumu ya mzigo hadi upimwe tena na kupita. Fungu la kwanza nalo likiwa juu, tatizo lilianzia shambani.

Ghalani na njiani: hapa rudi kwenye dalili za joto na kuganda zilizotangulia.

Asikudanganye mtu kwamba moto wa jiko unaiua. Kupika ugali hakuiondoi. Kukoboa kunapunguza, maana sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini, lakini basi imehamia kwenye pumba. Pumba hizo zikipewa ng'ombe, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa. Zikipewa vifaranga wa bata, wanaweza kufa. Kwa hiyo "tutayauza kwa wafugaji" si jibu.

Mwenye kuona haya ni mambo ya karatasi akumbuke Kenya ya mashariki mwaka 2004, Makueni na Kitui hasa: watu 317 waliugua, 125 wakafa, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Mwaka 2016 ikawa Dodoma na Manyara. Wagonjwa walianza kwa kuumwa tumbo, matumbo yakavimba, macho yakawa ya njano.

Uzito umepungua na unamshuku mlinzi

Piga hesabu kwanza. Gunia la kilo 100 lililopokelewa likiwa na unyevu wa asilimia 16, likikauka hadi 13.5 linabaki kilo 97 na kidogo. Lililoingia na 18 linabaki karibu kilo 95. Hakuna mwizi hapo. Ulinunua maji kwa bei ya mahindi. Upungufu ukizidi hesabu hiyo na kuna unga sakafuni, ni wadudu. Ukizidi na sakafu ni safi, zungumza na mlinzi.

Mahindi yana harufu ya mafuta ya taa, mbolea au dawa

Lori. Muulize dereva alibeba nini safari iliyopita, na umuulize kabla ya kupakia. Saruji unaweza kuifagia. Mbolea na dawa za shamba zinaingia kwenye mbao za bodi na hazitoki kwa ufagio. Mzigo uliokwisha kushika harufu ya dawa ya shamba usiuonje wala usiuanike ukitegemea itaisha. Utenge.

Na turubai la lori lisikandamize magunia moja kwa moja usiku wa baridi. Mzigo uliopakiwa mchana wa joto unashuka na jasho chini ya turubai kufika alfajiri, na dereva ataapa kwamba haikunyesha.

Unga wa dona una uchungu, sembe ya siku hiyohiyo haina

Hakuna kosa la usafi hapo. Dona ina kiini cha punje, kiini kina mafuta, na mafuta yanachacha. Stoo ya shule isipokee dona ya mwezi mzima. Ipokee mahindi na kusaga kila wiki, au iagize kidogo kidogo. Mfuko ulioingia kwanza utoke kwanza, na njia rahisi ya kulazimisha hilo ni kuandika tarehe ya kupokea kwa kalamu nene upande unaotazama mlango.

Panya

Kinyesi kibichi ni cheusi na laini, cha zamani ni kikavu na cha kijivu. Hivyo utajua kama wapo sasa. Ziba kila tundu la kupita kidole, weka bati chini ya mlango, fyeka nyasi kuzunguka ghala. Sumu ya panya iwe nje ya ghala ndani ya visanduku, isiwe kati ya magunia ya chakula.

Umejua gunia ni bovu, lakini hujui lilitoka kwa nani

Hii ni dalili ya daftari. Kwa kila mzigo unaopokea andika tarehe, jina la mleta, kijiji, idadi ya magunia, unyevu uliopima, namba ya lori, na lundo ulikoupanga. Gunia lipewe alama ya mzigo wake kwa wino usiofutika. Weka sampuli ya kilo moja ya kila mzigo kwenye mfuko uliofungwa vizuri, mahali pakavu, hadi mzigo huo uishe sokoni.

Mzigo uliokataliwa uwe na kona yake iliyozungushiwa kamba, bango la "USITOLEWE", na mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuugusa. Ukichambua na kupima tena ukapita, andika. Usipopita, mwite mkaguzi wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania) au afisa afya wa halmashauri asimamie uharibifu, na ubaki na nakala ya fomu aliyosaini.